Wamiami walikuwa watu wa wapi hasa: Florida, Indiana au Oklahoma?

Mdadisi:
Wanajukwaa, naomba kueleweshwa. Nilipokutana na habari za Wamiami, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, nilidhani ni watu wa mji wa Miami ulioko Florida. Lakini ramani za zamani zinawaweka Indiana na Ohio, na serikali yao ya leo iko Oklahoma. Je, walikuwa wahamaji waliofuata wanyama, au walikuwa na makazi ya kudumu?

Mpenda Ramani:
Ndugu Mdadisi, majina hayo yamefanana kwa bahati tu. Mji wa Florida umerithi jina la Wamayaimi, watu wengine kabisa waliokaa kando ya ziwa liitwalo leo Okeechobee. Hawa unaowauliza hujiita Myaamiaki, yaani watu wa upande yaendako maji ya mto, na kitovu chao kilikuwa bonde la mto Wabash. Kijiji chao kikuu, Kekionga, kilikuwa pale mito ya St. Joseph na St. Marys inapokutana na kuzaa mto Maumee, ulipo sasa mji wa Fort Wayne, Indiana. Maumee humwaga maji yake katika Ziwa Erie, ilhali Wabash huelekea kusini-magharibi hadi mto Ohio, na baina ya njia hizo mbili za maji palikuwa na ukanda mfupi wa nchi kavu ambako wasafiri walishusha mizigo na kubeba mitumbwi mabegani. Kwa hiyo kila aliyetaka kupita na ngozi zake za biashara alipita mlangoni pa Wamiami.

Bibi Shamba:
Kuhusu uhamaji, sikubaliani na dhana hiyo, ingawa imeenea sana. Ni kweli kwamba baada ya mavuno walitawanyika katika kambi za mawindo za majira ya baridi, lakini kiangazi kiliwakuta vijijini, katika nyumba za fito zilizofunikwa kwa mikeka ya matete, wanawake wakilima mahindi, maharagwe na maboga. Mahindi yao meupe yalikuwa na sifa ya pekee: Mfaransa mmoja aliyeandika mwaka 1718 alisema yana ganda jembamba na unga mweupe kuliko ya majirani. Majeshi ya Marekani yaliyajua mashamba hayo vizuri, kwa maana Jenerali Harmar alipofika Kekionga mwaka 1790 alichoma vijiji na mahindi pamoja. Nadhani hakuna anayechoma mashamba ya wahamaji.

Mpenda Ramani:
Bibi Shamba amenena. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Novemba 1791, Wamiami na washirika wao, Little Turtle akiwa miongoni mwa viongozi wao, walilivunja jeshi la Marekani lililoongozwa na Jenerali St. Clair na kuua askari zaidi ya 600. Hata hivyo walishindwa na Marekani katika vita vya Fallen Timbers mwaka 1794, na katika mkataba wa amani wa Greenville wa 1795 ukanda ule wa kubebea mitumbwi ukawaponyoka.

Mdadisi:
Nashukuru. Sasa Oklahoma walifikaje?

Mpenda Ramani:
Kwa kulazimishwa, ndugu yangu. Tarehe 6 Oktoba 1846, katika mji wa Peru, Indiana, zaidi ya watu 300 walipakiwa kwenye mashua za mfereji chini ya usimamizi wa askari, huku familia chache zikiruhusiwa kubaki. Mfereji ule ulikuwa umechimbwa kufuata njia ileile ya mitumbwi, kwa hiyo walipitishwa Fort Wayne, katikati ya Kekionga yao ya zamani, kisha wakateremshwa hadi Cincinnati kwa mfereji mwingine ambao jina lake lilibeba neno Miami. Kutoka hapo walisafirishwa kwa meli za mvuke hadi Kansas, na baada ya mkataba wa 1867 wengi wao wakahamishiwa Oklahoma.