Naomba ushauri: kitabu cha mazimwi kwa wacheza D&D, niweke mazimwi wangapi?

MwanaNunda: Wakuu, habari zenu. Naandaa kitabu cha mazimwi kwa Kiswahili kwa wanaocheza D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu) toleo la tano. Michoro inaendelea vizuri. Nimekwama hapa tu: niweke mazimwi 120 au nipunguze? Usingizi sipati. Naombeni majibu ya haraka.

Kalamu Nyekundu: Idadi iache kwanza. Mwendesha mchezo anafungua ukurasa huku wachezaji wanne wanamkodolea macho. Ndani ya nusu dakika awe ameshajua zimwi anataka nini, raundi ya kwanza anafanya nini, na akizidiwa anakimbia lini. Historia ya ukoo wake haimsaidii hapo. Goblini, kijizimwi kidogo cha D&D, ana uhai 7 tu, yaani madhara 7 yanatosha kumuua, lakini akishapiga anaweza kujificha au kuchomoka zamu hiyohiyo. Hila hiyo moja inamfanya asumbue kuliko zimwi wa uhai 200 anayejua kukwaruza tu.

Fundi Chapa: Mimi niseme kuhusu kitabu chenyewe. Kitakaa wazi mezani saa nne mfululizo. Mgongo ukiwa wa gundi tupu, kurasa zitachomoka, kwa hiyo kishonwe kwa uzi. Michoro iwe dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, kwa ukubwa uleule wa kuchapwa. Na takwimu za zimwi zisihamie nyuma ya karatasi, maana mtu atakuwa anapindua huku na huku katikati ya pigano.

Binti Mrima: Kwa nini haraka hivyo? Na mazimwi hao 120 umewatoa wapi?

MwanaNunda: Nimeshalipa malipo ya awali ya kurasa 128. Hamsini ni wa kwetu: nunda, majini, popobawa na wenzao. Sabini nimewatoa kwenye vitabu vya wengine nikabadili majina. Kuna jicho kubwa linaloelea, lina vijicho 10 juu yake, nimeliita Jicho la Kuzimu. Msinilaumu. Wachezaji wanapenda kitabu kinene, na takwimu ni hesabu tu, hesabu haina mwenyewe.

Mzee wa Dadu: Mwanangu, cha mtu ni cha mtu hata ukikipaka rangi. Cha halali kipo: kanuni za msingi, SRD 5.1, zilitolewa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons BY 4.0. Mazimwi waliomo humo unawatumia hata kwa biashara, mradi uandike chanzo kama leseni inavyotaka. Lile jicho halimo. Litoe.

MwanaNunda: Nikitoa sabini nabaki na kijitabu, mzee. Na mchoraji keshalimaliza jicho.

Mpekuzi: Wakuu, mnajibu hewa. Akaunti ni ya juzi, na mtu gani analipia chapa kabla ya kuonyesha hata zimwi mmoja? Uzi huu umetungwa. Kama kitabu kipo, weka ukurasa mmoja hapa.

MwanaNunda: Huu hapa. "NUNDA. Ugumu 5. Kinga 15. Uhai 300. Kuuma: +6, madhara 9. Alikuwa paka wa sultani, akaanza na ndama, akaishia kwa watu." Kisha zinafuata aya sita za historia. Hajachezwa mezani bado, lakini nimempima kwa kichwa.

Kalamu Nyekundu: Basi kitabu kipo, na kasoro inaonekana. Chukua wachezaji wanne wa ngazi ya 5, kila mmoja pigo lake likipata linatoa madhara ya wastani wa 12, na wanapata mara 65 kwa 100. Hiyo ni kama 31 kwa raundi. Uhai 300 utachukua karibu raundi 10 za kukatakata, na wakati wote huo nunda anarudisha 9. Watu watasinzia. Shusha uhai hadi 130, pigano liishe raundi ya nne au ya tano. Madhara yapande hadi 35 kwa raundi, ila usiyarundike pamoja: zamu yake 15, halafu mara mbili kwa raundi, mchezaji mmoja akimaliza zamu, nunda aruke na kupiga 10. Zimwi wa peke yake mwenye zamu moja dhidi ya nne huzingirwa akafa bila kumtisha mtu.

Binti Mrima: Na umeacha kilicho kitamu kuliko vyote. Katika hadithi aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870, kijana anamsaka nunda, anaua mnyama baada ya mnyama, na kila mara mama yake anamwambia huyu siye nunda. Mpaka anapopata alama: masikio madogo, mpana wala si mrefu, mkia mnene. Weka jedwali la dadu la pande sita: matokeo matatu yatoe alama za kweli, matatu yapeleke kwa mnyama mwingine. Mwenye alama zote tatu hashtukizwi nunda akiruka. Hapo kundi litakuwa na kazi ya kufanya kabla ya pigano.

MwanaNunda: Alama niliziacha kwa kukosa nafasi.

Fundi Chapa: Nafasi ipo. Wa kwenu 50, ukurasa mmoja kila mmoja, ongeza kurasa 14 za utangulizi na faharasa mbili, moja ya mazingira na moja ya ugumu. Jumla 64, yaani mikunjo minne ya kurasa 16, hakuna ukurasa mtupu. Mpigie mchapaji leo kabla hajatengeneza pleti, na malipo ya awali mwombe ayahamishie kwenye kushona.