Majaji wa skeiti ya barafu wanawabeba watu wao mchana kweupe, na kanuni zinawalinda

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Asiye na muda apite tu, sitamlaumu.

Nipo Ontario, Canada, mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu ni ya uwanja wa barafu: naendesha lile gari kubwa linalokwangua barafu na kumwaga maji ya moto kwa nyuma ili ipate uso mpya. Saa kumi na moja alfajiri, nje bado giza, ndani watoto wa skeiti wameshaingia na makocha wao. Wakitoka naingia na ndoo ya barafu iliyosagika na maji, nachuchumaa, naziba vishimo vilivyochimbwa na meno ya mbele ya wembe wa kiatu. Kimoja kimoja, kwa mkono, ndipo gari lipite.

Kazi hii imenifundisha kusoma barafu. Mruko uliotua vizuri unaacha mstari mmoja msafi, umepinda kama mundu. Mruko ambao mzunguko wake haukutimia unaacha kindoano pale wembe ulipogusa, kwa sababu mguu umeshafika chini na mwili bado unamalizia kuzunguka. Aliyetua kwa miguu miwili anaacha mistari miwili. Hakuna ubishi wala mapenzi hapo, barafu imeshaandika.

Sasa kama mimi nisiye na cheti chochote cha ujaji naliona hilo baada ya dakika kumi, jaji aliyekaa ukingoni kabisa haoni? Anaona. Tena anaona kuliko mimi. Shida haijawahi kuwa macho.

Kilichonitoa usingizini ni kijana mmoja hapa kazini. Tulikuwa tunabishana juu ya upendeleo wa majaji, akaniambia kwa kujiamini kabisa, "Hayo yalikwisha 2002, mfumo ukabadilishwa." Nilirudi nyumbani sikulala. YALIKWISHA?

Haya, tuanze na hiyo 2002. Olimpiki ya Salt Lake City, Marekani, 11 Februari, fainali ya skeiti ya wawili wawili. Warusi Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze wanacheza programu ngumu, lakini Sikharulidze anayumba akitua mruko wa mizunguko miwili na nusu. Wanafuata Wakanada, Jamie Salé na David Pelletier, hawakosei kitu. Na kumbukeni Salé alikuwa amegongana na huyohuyo Sikharulidze wakati wa kupasha misuli. Pelletier anainama anabusu barafu. Ukumbi unapiga kelele "sita! sita!" kwa sababu enzi hizo alama ya juu kabisa ilikuwa 6.0. Majaji tisa wakaamua: watano kwa Warusi, wanne kwa Wakanada.

Mmoja wa wale watano alikuwa Mfaransa, Marie-Reine Le Gougne. Hotelini, mbele ya Sally Stapleford aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ufundi ya shirikisho la kimataifa la skeiti, ISU, mama yule aliangua kilio, akasema ameshinikizwa na mkuu wa shirikisho la nchi yake, Didier Gailhaguet. Mpango ulioelezwa ulikuwa wa nipe nikupe: Warusi wapate dhahabu ya wawili wawili, Wafaransa wapate ya dansi ya barafu. Baadaye Le Gougne akageuza maneno, akadai kura yake ilikuwa safi. Gailhaguet akakana. Wakubwa wakatoa dhahabu ya pili kwa Wakanada, kukafanyika sherehe nyingine ya medali, na Le Gougne na Gailhaguet wakafungiwa miaka mitatu na kuzuiwa Olimpiki ya 2006.

Miaka mitatu tu! Na mnajua 2007 Gailhaguet alikuwa wapi? Amerudi kwenye kiti cha urais wa shirikisho lilelile. Mtu aliyefungiwa kwa kashfa kubwa kuliko zote katika historia ya mchezo huu anarudi kuongoza ofisi inayoteua majaji.

Ni kweli mfumo ulibadilishwa. 6.0 ikafutwa, kuanzia 2004 kila mruko na kila mzunguko ukapewa thamani yake, majaji wanaongeza au kupunguza kwa ubora (zamani toka -3 hadi +3, siku hizi toka -5 hadi +5), kisha kuna alama za usanii. Kwa kila kipengele alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa. Kama hesabu, ni mfumo mzuri, naukubali. Lakini pamoja nao walileta jambo ambalo mpaka leo likinijia kichwani napandisha presha: WALIFICHA MAJINA. Unaambiwa majaji ni fulani na fulani, karatasi ya alama inatoka, lakini safu zimechanganywa, hujui ipi ni ya nani. Eti ni kuwalinda majaji wasishinikizwe na mashirikisho yao.

Mwizi kakamatwa na kuku mkononi, dawa yake mnazima taa? Funika kombe mwanaharamu apite, na kombe lilifunikwa zaidi ya miaka kumi.

Sasa twendeni Olimpiki ya Sochi, Urusi, 20 Februari 2014. Hapa nitakaa kidogo.

Yuna Kim wa Korea Kusini, bingwa wa Olimpiki wa 2010 na bingwa wa dunia wa 2013 (huo wa pili aliuchukua hukuhuku Ontario, mjini London), anaongoza baada ya programu fupi: 74.92. Nyuma yake kidogo tu yupo Adelina Sotnikova wa Urusi, miaka 17, ana 74.64. Programu ndefu: Kim hakosei hata mruko mmoja, 144.19. Sotnikova katika mruko wa mfuatano wa mitatu anamalizia kwa miguu miwili, mistari miwili kwenye barafu, dunia nzima imeona. Anapata 149.95. Jumla 224.59 kwa 219.11, dhahabu imekwenda kwa wenyeji.

Kabla hamjanirukia, nasema ukweli wote. Programu ya Sotnikova ilikuwa na vitu vizito zaidi. Thamani yake ya msingi ilikuwa 61.43, ya Kim 57.49. Miruko ya mizunguko mitatu alikuwa nayo saba, Kim sita. Kwa hiyo mtu akiniambia Sotnikova alistahili, sitampiga ngumi, hoja anayo. Ila angalieni alama za usanii: Kim 74.50, Sotnikova 74.41. Tofauti ya 0.09! Binti aliyekuwa wa tisa kwenye ubingwa wa dunia mwaka mmoja kabla, leo usanii wake umelingana na wa bingwa wa Olimpiki. Na ile nyongeza ya ubora, Sotnikova alipata 14.11, Kim 12.20. Aliyeteleza kaongezewa kuliko ambaye hakuteleza.

Labda ni halali. Labda siku hiyo Sotnikova alikuwa moto kweli. Lakini nani alikuwa kwenye viti?

Alikuwepo Alla Shekhovtseva wa Urusi, mke wa Valentin Piseev, bosi wa miaka mingi wa shirikisho la skeiti la Urusi. Mke wa bosi ndiye jaji wa binti wa nchi hiyo. Baada ya matokeo kamera zilimnasa amemkumbatia Sotnikova.

Alikuwepo pia Yuri Balkov wa Ukraine. Jina hili lishikeni. Mwaka 1998 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, jaji wa Canada, Jean Senft, alimrekodi Balkov kwenye simu akipanga nafasi za washindani wa dansi ya barafu kabla hawajaingia kucheza. Akafungiwa mwaka mmoja. Senft aliyemfichua naye akafungiwa miezi sita, eti ana upendeleo wa nchi yake. Mwaka uliofuata, Helsinki, televisheni ikawaonyesha majaji wengine wawili, Mrusi na Muukraine, wakipeana ishara kwa miguu chini ya meza wakati mashindano yanaendelea. Nao wakafungiwa. Adhabu zinatoka, muda unapita, watu wanarudi kazini kama waliokuwa likizo. Miaka 16 baada ya Nagano, Balkov yuleyule kakalishwa kwenye fainali ya wanawake ya Olimpiki.

Na kwa sababu majina yalifichwa, hatutajua kamwe yeye na mke wa bosi walitoa alama gani usiku ule. Watu zaidi ya milioni moja walisaini waraka wa kutaka uchunguzi. Korea wakapeleka malalamiko rasmi ISU juu ya upangaji wa majaji, yakatupwa. Na kupinga alama zenyewe kanuni hairuhusu, unaruhusiwa kulalamikia kosa la hesabu tu. Yaani jaji akikosea kujumlisha, karibu ofisini. Akichakachua, shauri yako.

Pazia lilifunguliwa 2016, majina yakaanza kuonekana. Olimpiki ya kwanza baada ya hapo ni PyeongChang 2018. Kilichotokea? Majaji wawili wa China, Chen Weiguang na Huang Feng, walibainika kuwapendelea watu wao wakafungiwa, mmoja miaka miwili, mwingine mwaka mmoja. Mara ya kwanza tu taa imewashwa, wawili hao wameonekana. Sasa hiyo miaka yote ya giza ilikuwa na wangapi?

Na sitaki mtu anigeuzie hili liwe la Urusi au la China. Mzizi ni mmoja: jaji anateuliwa na shirikisho la nchi yake. Wengi wanafanya kazi hii kwa kujitolea, na safari ya kwenda Olimpiki wanaipata kwa kupendekezwa na viongozi walewale wanaotaka medali. Ukimshusha mtu wa kwenu kwa haki, mwakani jina lako halitumwi. Ni kama mechi ya Simba na Yanga refa ateuliwe na Simba, mshika kibendera ateuliwe na Yanga, halafu tuambiwe watasawazishana wenyewe. Nani angekubali? Kesi ya ngedere tunampelekea nyani, kisha tunashangaa hukumu.

ISU iajiri majaji wake yenyewe, iwalipe yenyewe, iwapange yenyewe, na aliyewahi kufungiwa kwa kupanga matokeo asirudi maisha. Pesa za haki za televisheni zipo. Wasituambie haiwezekani.

NYONGEZA: Kuna mkuu kauliza "sisi weusi hayo ya barafu yanatuhusu nini". Mkuu, nakujibu kwa heshima. Mtafute Surya Bonaly, dada mweusi wa Ufaransa, bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo. Ubingwa wa dunia hakuwahi kupewa, aliishia fedha mara tatu. Mwaka 1994, Chiba, Japani, alishindwa na mwenyeji Yuka Sato kwa kura tano kwa nne. Akasimama pembeni ya jukwaa badala ya kupanda, na alipovishwa medali ya fedha akaivua shingoni, machozi yanamtoka. Watu wakamzomea. Miaka minne baadaye, Nagano, akiwa ameumia na medali ameshaikosa, alipiga sarakasi ya kinyumenyume akatua kwa mguu MMOJA, akijua fika imekatazwa na alama zitakatwa. Sarakasi hiyo ISU wameiruhusu 2024, yeye akiwa ameshastaafu zamani. Mimi kabla ya kumwona yule dada nilikuwa nafukia vishimo ili nilipwe mshahara tu. Kwa hiyo yananihusu.

NYONGEZA 2: Mwingine kasema mchezo wowote wa kupewa alama na binadamu lazima uwe hivi, hata ndondi. Ni kweli ndondi ina madhambi yake, Seoul 1988 Roy Jones Jr. alinyang'anywa dhahabu na majaji huku dunia inaangalia, kwenye michezo hiyohiyo ambayo Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu yake kwa kumaliza kazi kwa ngumi bila kuwaachia majaji neno. Lakini mcheza skeiti hana ngumi ya kumaliza mchezo. Hana goli, hana utepe wa kukata. Kila alichonacho kiko mikononi mwa wale tisa. Ndiyo maana kwao kosa la jaji haliwezi kuitwa bahati mbaya tukaendelea.

Mimi naomba jibu la swali moja tu, na mwenye kanuni aiweke hapa niisome mwenyewe: mtu aliyerekodiwa akipanga matokeo ya Olimpiki ya 1998 alirudi kwa kifungu gani kukaa kiti cha Olimpiki ya 2014? Naingia zamu saa kumi na moja alfajiri, natoka saa saba mchana. Nikitoka nitapita hapa kuangalia.