Kibanzi kimeniingia kidoleni tangu jana, nakitoaje bila kujiumiza zaidi?

Mama Vifaranga:
Habarini za jioni wapendwa. Jana nilikuwa nasaidiana na mdogo wangu kupigilia mabanzi kwenye banda la kuku, mkono ukaniteleza kwenye banzi moja kijiti kikazama kwenye kidole cha shahada mkono wa kulia. Nakiona kabisa kwa chini ya ngozi, cheusi cheusi, kama nusu sentimita hivi, ila kimekatikia pale pale kilipoingilia hakuna pa kushika. Nikigusa tu nasikia mpaka kwenye kiwiko. Jirani kaniambia niloweke kwenye maji ya moto na chumvi mpaka kilainike, mwingine anasema nipake mafuta ya taa, shemeji yangu alikuja na wembe nimemkatalia. Naomba mwenye uzoefu anielekeze, maana kufua siwezi hata kumenya vitunguu siwezi.

fundi mninga:
Pole sana dada. Mimi ni seremala mwaka wa 17 huu, hivi vitu vinaniingia karibu kila wiki. Kwanza usiloweke, kijiti cha mti kikinywa maji kinavimba na kinalegea, ukija kuvuta kinamegeka nusu inabaki ndani, na hayo mabanzi mengi ni ya msindano ambao kwa uzoefu wangu ndo unamegeka vibaya kuliko mninga. Na usikibinye, ukikibinya unakisukuma ndani.

Osha mikono yote miwili na sabuni, kausha vizuri. Kaa mchana penye mwanga au mtu akumulikie na tochi ya simu, alafu angalia kiliingia kimeelekea wapi kwa sababu kinatakiwa kirudi njia ile ile kilichopitia, ukikivuta kwenda juu wakati kiliingia kimelala kinakatika. Chukua sindano ya kushonea, ile ndogo, chana ngozi ya juu taratibu kuanzia pale kilipoingilia kufuata urefu wa kijiti, ile ngozi ya juu ni mfu haitoi damu wala haiumi sana. Kichwa kikishatokeza kama milimita mbili kishike karibu kabisa na ngozi na kile kibano cha nyusi uvute pole pole kwa mlalo wake.

Vile vidogo vidogo kama vinyweleo ambavyo havishikiki mimi napaka ile gundi nyeupe ya mbao juu yake, naacha ikauke kabisa, nabandua, inatoka navyo. Sio supagluu jamani, supagluu inakifungia humo humo.

Zamu ya Usiku:
Mimi ni muuguzi, fundi kaeleza vizuri naongezea upande wa usafi. Sindano na kibano vipanguse na spiriti kabla ya kutumia, au vichemshe. Watu wengi wanaunguza sindano kwenye kibiriti alafu wanachokonoa nayo ikiwa na masizi, yale masizi yanaingia kwenye kidonda. Wembe na sindano iliyotumika kwa mtu mwingine hapana kabisa, homa ya ini na ukimwi vinapita kwenye damu kidogo tu. Mafuta ya taa hayavuti kitu, yanababua ngozi.

Kikitoka osha tena kwa sabuni na maji yanayotiririka, funga plasta safi. Ukijaribu dakika kumi, kumi na tano hakijatoka, acha. Nenda zahanati watakuchoma ganzi watoe. Na usihangaike nyumbani kabisa kama kimezama chini ya kucha, kipo kwenye kiungo, ni kipande cha chupa, au una kisukari.

Baba Mapacha:
Dada sikiliza huyo muuguzi. Mimi mwaka 2019 kiliniingia cha mpini wa jembe nikaona ni kitu kidogo nikaendelea na kilimo, siku ya nne kidole kimevimba kinapwita usiku kucha silali, watu wakasema ni mdudu wa kidole nifunge mavi ya ng'ombe na majani, nikafunga. Nilipofika hospitali usaha ulishafika karibu na mfupa, nilipasuliwa na mpaka leo hicho kidole hakikunji chote. Ukiona wekundu unasambaa, mstari mwekundu unapanda mkononi au homa, usisubiri kesho.

Mama Vifaranga:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Kimetoka asubuhi hii! Nilikaa mlangoni na mdogo wangu akanimulikia, nilichana ngozi kidogo kidogo kama fundi alivyosema nikakivuta na kibano, kimetoka kizima nimekipima kwenye rula ni milimita 6. Damu tone moja. Nimeosha nimefunga plasta. Ila banzi lilikuwa na mavi ya kuku, pepopunda je? Mara ya mwisho nilichomwa kliniki nikiwa na ujauzito wa huyu wangu wa 2014.

Zamu ya Usiku:
Hongera kwa utulivu wako. Hapo nenda kachomwe leo, usingoje kidonda kikuume kwanza. Vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na tundu jembamba lenye kina kama hilo ndo vinalipenda. Kwa kidonda kichafu, kama sindano ya mwisho imepita miaka 5 unahitaji nyingine, yako imepita zaidi ya hapo. Nenda na kadi yako ya kliniki kama bado unayo, waone umeshapata ngapi.

Mama Vifaranga:
Kadi ninayo, ipo kwenye sanduku. Naachia kuku maji nakwenda sasa hivi.

fundi mninga:
Na mdogo wako akirudi kupigilia avae glovu za ngozi, alafu mpige randa au msasa zile kingo mnazoshika shika hasa mlangoni, watoto wataingia humo kuokota mayai.