Klachi ya Land Cruiser 79 V8 iliyoongezwa nguvu

Wakuu, gari ni 79, injini 1VD-FTV, gia 5 za mkono. Imefanyiwa remapu (programu ya kompyuta ya injini imebadilishwa), torki, yaani nguvu ya kuzungusha, imetoka 430 Nm hadi kama 600. Mlimani gia ya 4 nikikanyaga mafuta, rpm inapanda lakini mwendo hauongezeki. Huwa navuta trela la tani 2. Nifunge klachi gani?

— Hapo pleti inateleza. Chukua seti yenye presha pleti (inayoibana pleti ya klachi) ya mbano mkubwa na pleti ya kawaida ya ogani, isiyo ya seramiki, uwezo wa 700 Nm hivi. Ukinunua ya 600 kamili, joto la kwanza tu itateleza tena.

— Wengi watakushauri pleti ya seramiki. Inastahimili joto, kweli, ila inashika ghafla: kurudisha trela nyuma ni mateso, na flaiwili (gurudumu la injini ambalo pleti hubanwa juu yake) inaliwa. Iachie magari ya mashindano.

— Giaboksi ikishuka, kagua sili ya nyuma ya krenki. Ikivuja, oili itaua hata klachi mpya. Flaiwili ichongwe, bearing zote mbili, ya kuachia klachi na ya katikati ya flaiwili, zibadilishwe. Halafu kilomita 800 za mwanzo bila trela. Pedali itakuwa nzito kidogo, hivyo silinda ya chini ya klachi (inayopokea msukumo wa pedali) ikiwa imechoka itaanza kuvuja.