Tupeane uzoefu: zinki na bakteria kwenye jaruba la mpunga, udongo wako ulibadilikaje?

Wakuu habari za majukumu. Mimi mpunga umenitesa sana kwa kudumaa wiki ya pili ya tatu hivi baada ya kupandikiza, jani changa linapauka kule chini kwenye mshipa wa katikati, ya zamani yanatoka madoa ya kahawia kama kutu, nikajua ni ugonjwa nikapiga dawa ya ukungu wapi, nikaongeza urea wapi. Kumbe ni upungufu wa zinki. Udongo wangu una chokaa nyingi na maji yalikuwa hayatoki jarubani, sasa kwenye tope lisilo na hewa zinki inashikwa, ipo lakini mizizi haiipati. Nilimwaga mbolea ya zinki salfeti kilo 25 kwa hekta nikatoa maji siku kadhaa, majani mapya yakatoka kijani. Mliotumia na wale bakteria wa kuyeyusha zinki leteni ushuhuda.

Majaruba_Matatu: Msimu wa kwanza nilichanganya bakteria na zinki salfeti ndoo moja ili nimalize kazi mapema, sikuona kitu chochote. Ile chumvi ya zinki ikiwa kali hivyo inawaua hata hawajafika shamba, iliniuma sana. Uliofuata zinki niliweka wakati wa kuvuruga tope, bakteria nikalowekea mizizi ya miche kivulini ndo nikapandikiza. Nilipong'oa shina nikakuta mizizi myeupe imejaa, zamani ilikuwa myeusi inanuka yai viza.

Mama Kitalu: Hongera ndugu yangu, ila kama na wewe ulitoa maji, hiyo harufu kuisha nadhani ni kwa sababu hiyo zaidi kuliko bakteria, hewa ikiingia tope linapoa. Halafu tuelewane, hawa bakteria wanatoa asidi pembeni ya mzizi inayeyusha zinki iliyogoma, hawatengenezi zinki. Udongo ukiwa hauna zinki kabisa hata umwage magunia ya bakteria ni bure. Azola, kile kimea kinachoelea majini, ndo inavuta naitrojeni hewani, hii ni kazi nyingine jamani.

Jembe la Mkono: Mimi niliweka zinki pamoja na mbolea ya DAP siku moja, fosfeti iliyomo kwenye DAP ikaifunga zinki, mpunga ukadumaa vilevile. Nikakasirika nikawa naweka zinki kila msimu mfululizo bila kupima. Msifanye hivyo, zinki inabaki ardhini misimu kadhaa na ikizidi inawadhuru haohao viumbe tunaowatafuta.

Mvunaji: Nilipulizia majani tu, zinki salfeti nusu kilo kwenye lita 100 za maji na chokaa kidogo isiunguze. Kijani kilirudi haraka ila msimu uliofuata tatizo lilelile, udongo haukuguswa.

Asanteni sana wakuu, Mama Kitalu umenifungua macho. Msimu huu jaruba moja nalikata vipande vinne, zinki peke yake, bakteria peke yake, vyote viwili, na kimoja nakiacha hivihivi, kila kimoja na tuta lake maji yasihamie kwa mwenzake. Nikivuna napima kila kipande mbalimbali nawaletea kilo hapahapa.