Nimeandika Maore, wamefuta, wakaandika Ufaransa. Nani kawapa kazi hiyo?

Wadau, asalaam aleikum. Nina hasira, mnisamehe mapema.

Nimekwenda ofisi moja ya vifurushi hapa Mombasa kumpelekea shangazi yangu leso na viungo vya pilau. Shangazi anakaa Maore. Nikajaza fomu vizuri: jina, mtaa, "97600 Mamoudzou, Maore". Kijana wa kaunta akatoa kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya Maore na kuandika MAYOTTE, UFARANSA kwa herufi kubwa, utadhani anasahihisha insha ya darasa la nne. Nikamuuliza mbona wafuta? Hata uso hakuinua: "Mzee, hiyo si Afrika."

Si Afrika! Kisiwa kiko baina ya Msumbiji na Bukini (Madagaska), watu wake ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii kama sisi, na Kimaore ukikaa ukakisikiliza maneno mengi utayashika bila mkalimani. Halafu mimi niliyezaliwa Kuze nafundishwa jiografia na mtoto wa juzi.

Mizigo kupitia Ufaransa naelewa. Hiyo 97600 ni namba ya posta ya Kifaransa na nimeiandika kwa mkono wangu. Wakitoza bei ya Ulaya nitanung'unika na kulipa. Lakini kesi ya kwamba Maore ni ya Komoro au ya Ufaransa haijaisha, sasa wao wametoa hukumu kama nani?

Mfaransa alikichukua kisiwa 1841 kutoka kwa Andriantsoly, sultani ambaye mwenyewe alitoka Bukini. Desemba 1974 visiwa vyote vinne vya Komoro, Maore ikiwemo, vikapiga kura. Ukijumlisha, karibu asilimia 95 walitaka uhuru. Maore peke yake wengi walikataa, kama asilimia 64. Paris ikaamua kuhesabu kisiwa kimoja kimoja. Komoro ikajitangazia uhuru Julai 6, 1975, na Maore ikabaki mikononi mwa Mfaransa. Februari 1976 suala likafika Baraza la Usalama, Ufaransa ikapiga kura ya turufu. Oktoba mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio ambalo kichwa chake tu kinakiita "kisiwa cha Kikomoro cha Mayotte". Umoja wa Afrika nao msimamo wake ni huo. Bendera ya Komoro ina nyota nne mpaka leo, si tatu.

Najua mtanirukia na kura ya 2009, zaidi ya asilimia 95 wakachagua kuwa mkoa wa Ufaransa, na 2011 ukawa mkoa wa 101. Ni kweli. Tena wako Wamaore wengi ukiwaita Wakomoro wanakutukana, shangazi yangu akiwa mstari wa mbele! Ndiyo maana sikuandika Komoro. Niliandika Maore, jina ambalo wa Moroni, mji mkuu wa Komoro, na wa Mamoudzou wote wanalo midomoni mwao. Katika mzozo mzima huu, neno pekee lisilomtukana mtu ndilo alilolipiga mstari.

Na msiniambie jina ni jina tu. Tangu 1995 mtu wa Nzwani, kisiwa jirani cha Komoro, akitaka kuvuka bahari ya kama kilomita 70 kumzika mamake Maore, lazima awe na viza. Akikosa anapanda kwasa-kwasa, vile viboti vidogo vya magendo, usiku, na wengi wamezama humo. Ukiandika Ufaransa, huyo ni mhamiaji haramu. Ukiandika Komoro, ni mtu anayetoka kisiwa kimoja cha kwao kwenda kingine. Mwaka 2015 Komoro ilijitoa kwenye michezo ya visiwa vya Bahari ya Hindi kule Réunion kwa sababu ya hii hii Maore na bendera ya Ufaransa. Watu waliacha medali, wewe waona mchezo!

Mzigo nimerudi nao nyumbani. Mnaojua ofisi nyingine hapa mjini inayotuma Maore bila kuchorachora fomu ya mtu, iandikeni hapa chini. Na nyie wa "mzee acha siasa, tuma mzigo", njooni, nipo.