Visu vya kukunja: mnapendelea vifunguke kwa namna gani?

Mrina wa Sikonge

Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo kwa wengine linaweza kuonekana dogo, yaani namna kisu cha kukunja kinavyofunguka. Siulizi habari za makali wala aina ya chuma, kwa kuwa hayo yamejadiliwa humu mara nyingi. Nauliza kitendo chenyewe cha kulitoa bapa kwenye mpini.

Mimi ni mrina asali huku Sikonge, mkoani Tabora. Kwa miaka sita nimetumia kisu chekundu cha Uswisi, Victorinox, kile cha milimita 91 chenye mfuo mdogo wa kutia ukucha ubavuni mwa bapa. Nyumbani sina malalamiko nacho. Taabu huanza nikiwa juu ya mti, kwa sababu mzinga wa gome la muyombo hauji chini kwa hiari yake: mkono wa kushoto umekumbatia tawi, wa kulia umevaa glavu ya ngozi, na kamba inayotakiwa kukatwa iko mbele ya pua. Ukucha ulio ndani ya glavu ni sawa na kukosa ukucha. Msimu uliopita nililazimika kuvua glavu kwa meno, kisha nikalivuta bapa kwa meno hayohayo, na nyuki watatu wakanichoma kiganjani kabla sijakata hata uzi mmoja. Kisu kikaniponyoka kwa utelezi wa asali, kikaanguka hadi chini kikiwa nusu wazi, na mwenzangu aliyekuwa ameshika kifukizo chini ya mti alisema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Najua wapo watakaoniambia nibebe kisu cha ala. Ninacho, na ndicho ninachokatia masega, ila ala hunasa matawini ninapopanda.

Sokoni Tabora mjini nimeonyeshwa aina tatu: chenye tundu kwenye bapa, chenye pini ndogo ya kusukumwa kwa gumba, na chenye kimkia nyuma ambacho ukikibonyeza kwa kidole cha shahada bapa linaruka nje. Muuzaji alivisifu vyote kwa sauti ileile, kwa hiyo hakunisaidia. Ninyi mnaovitumia kila siku mnapendelea kipi, na kwa nini?

Baharia wa Kibirizi

Kaka wa Sikonge, pole kwa nyuki. Mimi niko Kigoma, mwalo wa Kibirizi, na hali yangu haitofautiani sana na yako, isipokuwa mahali pa tawi mimi nina ukingo wa boti. Uzi wa nyavu ukijisokota kwenye pangaboi usiku, mkono mmoja unashikilia boti na mwingine ndio wenye kazi yote, tena umelowa na una utelezi wa dagaa.

Mimi ni mtu wa tundu, na sina mpango wa kubadilika. Mtindo huu ulienezwa na kampuni ya Spyderco ya Marekani tangu mwaka 1981, na leo unaigwa kila kona. Uzuri wake ni kwamba nyama ya kidole gumba huzama kidogo ndani ya tundu na kung'ang'ania kwenye kingo zake, kwa hiyo hata ukiwa na mawese mkononi kidole hakitelezi kwa urahisi. Hakuna kitu kilichochomoza, hivyo hakinasi mfukoni wala kwenye macho ya wavu. Ukitumia mkono wa kushoto pia hupati shida, kwa kuwa tundu limetoboka pande zote mbili.

Pini niliitumia kwa miaka miwili kabla ya hapo. Ikiwa kavu hufanya kazi vizuri, lakini ni ndogo mno kwa kidole chenye mafuta, na ile yangu ilikuwa ya skrubu, ikalegea taratibu bila mimi kujua, hadi siku moja nikakuta gumba langu linasukuma hewa. Pini yenyewe iko chini ya Ziwa Tanganyika.

Sitaki uamini kwamba tundu halina kasoro. Bapa lenye tundu kubwa lazima liwe pana, na lina nundu mgongoni, kwa hiyo kisu kinajaza mfuko. Kwa upande wako kuna jambo zito zaidi, nalo ni unene wa glavu. Nenda sokoni na glavu yako ileile, uivae mbele ya muuzaji, ufungue kisu mara kumi kabla ya kutoa pesa. Akikasirika, hamia duka jingine. Pia tafuta kisu chenye kitundu mwishoni mwa mpini, upitishe kamba ya kufunga kwenye kifundo cha mkono.

Kama unaogopa kwamba tundu ni mtindo wa vijana tu, fahamu kwamba hata jeshi la Uswisi, ambalo kisu chako chekundu kinatokana na desturi yake, lilichagua mwaka 2008 kisu kipya cha askari chenye urefu wa milimita 111, kikiwa na tundu la kufungulia kwa mkono mmoja na loki ya kulishikilia bapa.

Mzee wa Ng'ambo

Vijana wangu, nimesoma yote kwa makini na nina neno. Mnazungumza kana kwamba kisu kikichelewa sekunde mbili dunia itasimama. Mimi hapa Tabora nimebeba Okapi tangu nikiwa kijana, na hadi leo ninakifungua kwa mikono miwili, ukucha kwenye mfuo, taratibu. Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na siku hizi vinatengenezwa Afrika Kusini. Jina ni la yule mnyama wa misitu ya Kongo, ng'ambo ya ziwa la huyo baharia.

Ninachokipenda ni mlio. Bapa linapoinuka, springi ya mgongoni hupita juu ya meno yaliyochongwa kwenye kitako cha bapa, likalia ka-ka-ka hadi likae sawasawa. Hata gizani sikio langu linajua limefika wapi. Kulifunga, unaivuta pete iliyo mgongoni, springi inanyanyuka, na bapa linarudi. Aliye karibu nawe naye anajua kwamba umetoa kisu, na huo kwangu ni uungwana, maana kisu kinachofyatuka kimya mbele ya watu huwashtua hata kama unataka kumenya embe tu.

Kisu cha pili ninachokiheshimu ni Opinel cha Ufaransa, kilichobuniwa na Joseph Opinel mwaka 1890 huko Savoie. Ninacho namba 8, ambacho bapa lake lina urefu wa sentimita 8.5. Hakina springi hata moja. Bapa hushikwa na mbao za mpini zenyewe, na tangu 1955 kikaongezewa pete ya chuma shingoni ambayo ukiizungusha bapa linafungika. Wakati wa mvua mbao huvimba na bapa likagoma kutoka, na hapo kucha zako utazililia. Dawa yake ni kugonga kitako cha mpini juu ya meza, na ncha ya bapa itajitokeza kiasi cha kushikwa kwa vidole. Dawa ya kudumu ni kuupaka mpini nta ya nyuki iliyoyeyushwa pale kwenye maungio. Wewe mrina asali ndiye wa kutuuzia hiyo nta.

Nakubali kwamba juu ya mti mikono miwili haipatikani. Lakini kabla ya kununua hivyo vya kuruka, jiulize utakifungaje ukiwa huko juu.

Fundi wa Mwanga

Shikamoo mzee. Hilo la kufunga ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu mimi ni fundi hapa Mwanga, Kigoma, na ninavyoletewa ili nivitengeneze ni vile vya kuruka.

Kile chenye kimkia huzuiwa kisifunguke ovyo na kigololi kidogo kilichokaa kwenye bati la ndani, ambacho huingia katika kishimo ubavuni mwa bapa. Kidole kinaposukuma kimkia, nguvu hujikusanya mpaka kigololi kikaachia, ndipo bapa linaporuka. Kila kitu kinategemea kishimo hicho. Kikiwa na kina kirefu mno, utaumia kidole. Kikiwa kifupi, bapa halitafika mwisho, au baya zaidi, litajifungua mfukoni. Katika visu vya bei rahisi vinavyoiga vya watu, nakuta kishimo kimetobolewa kwa kukisia. Tena vingi vimewekwa beringi ili viteleze, na beringi hizo zikipata vumbi husaga kama kinu. Nilifungua kimoja cha mkulima wa tumbaku kutoka Urambo nikakuta vumbi jekundu limegandiana na grisi, gololi mbili hazizunguki kabisa. Kwa mashamba na pori mimi humshauri mteja achague chenye washa, yaani visahani vyembamba vyenye tundu katikati, za shaba au za plastiki ngumu badala ya beringi, hata kama hakiruki kwa madaha.

Vipo pia vyenye springi ya kusaidia: wewe unaanza, springi inamalizia. Springi ikikatika unabaki na kisu kilicholegea, na vipuri hapa hakuna. Siviweki hata mezani kwangu.

Sasa kufunga. Loki iliyozoeleka sana ni bati la ndani linalojikunja na kusimama nyuma ya kitako cha bapa. Ili ulifunge, gumba lazima lisukume bati hilo pembeni huku likiwa katika njia ya makali, kisha uliondoe kabla bapa halijafika. Mikono yenye asali au glavu haifai kwa kazi hiyo; nimewaona wawili waliojikata hapohapo. Loki ya mgongoni, kama ile ya Buck 110 iliyotoka Marekani mwaka 1964, hubonyezwa kutoka nyuma, mbali na makali, ingawa watu wengi huhitaji mikono miwili kuifunga. Ipo nyingine ya pini inayopita ubavu hadi ubavu, unaivuta nyuma kwa vidole viwili na bapa linaning'inia huru bila kidole chochote kuwa njiani. Kwangu mimi hiyo ndiyo bora kuliko zote, ila visu vyake halisi ni ghali, na vya kuiga sivipendekezi.

Mrina wa Sikonge

Nawashukuru nyote. Leo nilirudi sokoni na glavu, nikafanya kama baharia alivyoagiza, na watu wakakusanyika kutazama. Pini ilinishinda kabisa. Ngozi ya glavu ilikuwa inaipita juu bila kuigusa. Kimkia kilifunguka mara ya kwanza, nikafurahi, lakini katika kulifunga sikuweza kulihisi bati kwa gumba, nikakumbuka maneno ya fundi na kukirudisha mezani. Chenye tundu cha kwanza kiliingiza nusu tu ya kidole. Cha pili kilikuwa na tundu pana zaidi na loki ya mgongoni, kikafunguka mara tisa katika kumi. Nimekichukua hicho. Kukifunga nitasubiri nishuke chini, na kamba ya kifundo cha mkono nimeshaisuka.

Mzee wa Ng'ambo, Jumamosi ninakuja mjini na kipande cha nta. Naomba nikisikie hicho kisu chako kinavyolia.